Konzi la Kwanza la Udongo Mweupe

Miaka ya ruksa, kila kitu kilipofunguliwa, wanunuzi binafsi wa pamba walimiminika Bariadi, mitumba ikafuata, na mwisho wakaja wazungu wa dhahabu. Mimi nilikuwa nimetoka chuo cha madini na cheti kikavu na kiburi kibichi. Wakaniajiri nitafute dhahabu kwenye vilima vya kwetu, ambako nilichunga ng'ombe utoto wote bila kuokota hata sarafu.

Miezi miwili nilipasua granaiti. Nilichagua miamba migumu, mizuri, inayometameta, na kila sampuli ilirudi kutoka maabara haina kitu. Bosi, mzungu mwenye kaptula fupi na subira fupi zaidi, akanipa hadi Jumamosi. Nisipopata kitu, nirudi nikalime pamba.

Alhamisi nilikwenda kwa mama kunung'unika. Nikaegemea ukuta wa jiko lake. Kila mwaka baada ya mavuno wanawake wa kwetu husiriba nyumba kwa udongo mweupe, na ukuta wa mama ulisifiwa mpaka kijiji cha Sola. Nilipogeuka kujipangusa mgongo, nikaona ndani ya weupe ule vipunje vya kutu, vya mraba kama dadu.

Nilijiona mjinga, na nilikuwa mjinga kweli. Kutu ya namna ile iliulizwa kwenye mtihani chuoni, nikalifeli swali. Hapo kale maji ya moto yalipanda kwenye nyufa za granaiti, yakaipika mpaka ikalainika kuwa udongo mweupe, yakaacha humo pairiti, madini ya chuma yenye umbo la dadu, na pairiti ikipigwa na hewa huoza, ikabaki kutu yenye umbo lilelile. Dhahabu husafiri na maji hayo. Mwamba wa kutafuta ni ule uliooza, nami miezi yote nilikuwa nikiudharau kwa sababu ni udongo wa akina mama.

"Mayu," nilimwita mama kwa Kisukuma, "udongo huu mnachimba wapi?"

"Umesoma mawe miaka mitatu, halafu unaniuliza mimi?" Alicheka mpaka akafuta machozi. Kisha akanipeleka, maana mimi ni mwanawe.

Shimoni akaniambia konzi la kwanza hurudishwa. Anayechota bila kurudisha, hufungiwa shimo. Nikaona huo ni ushirikina, na mimi ni msomi. Konzi la kwanza nikalitia kwenye mfuko wa sampuli, nikaandika namba.

Sampuli ile ilirudi na dhahabu, kazi nikabaki nayo. Bosi alinikumbatia, jambo nisilomwombea mtu, jinsi alivyonuka. Kabla ya mvua shimo likazungushiwa waya, likawekewa geti na mlinzi. Mwaka ule wanawake walisiriba kwa mavi ya ng'ombe, na jiko la mama likawa na rangi ya zizi.

Nilipokwenda likizo hakunilaumu. Afadhali angenitukana. Kabla ya kusiriba alikuwa amebandua kipande cheupe cha ukuta wa zamani, akakifunga kwenye kitambaa.

"Wewe ndiye mwenye kitambulisho cha getini," alisema. "Karudishe."

Nikakibeba. Mlinzi akafungua kitambaa, akanusa, akachungulia karatasi ya kanuni iliyobandikwa getini. Kutoa udongo ni marufuku, akasema, na kuuingiza ni marufuku pia, utachafua sampuli. Alisoma vizuri, neno kwa neno.

Kanuni zile niliziandika mimi.