Mshahara Usioanikwa
Katika chumba cha kufulia cha hoteli moja mjini Mobile, Bi Verlene Pettway aliwaonya wanawake Weusi wenzake kila mara: "Mshahara ni kama chupi, hauanikwi."

Siku moja Dustin, Mzungu mgeni kazini ambaye Verlene ndiye aliyemfundisha, akalalamika, "Dola ishirini na mbili kwa saa, si wizi huu?"

Verlene alilipwa kumi na saba. Aliona haya, kana kwamba mwizi ni yeye.

Kesho yake akawatajia wenzake mshahara wa Dustin na wake, macho chini.

"Hata wewe, Bi Verlene?" Shavonda, mmoja wao, akashangaa. "Na sisi tukidhani unakula kuku!"

Wakamwendea meneja pamoja. Baada ya miezi ya mvutano, wakaongezwa. Wenzake walimkumbatia, lakini hakuweza kuwatazama. Ndiye aliyewanyamazisha miaka yote.