Umewahi Kuanguka?

Fundi viatu hakuwa mtu wa kushangaa ovyo. Miaka kumi na tisa ya kuinama mbele ya miguu ya watu ilikuwa imemfundisha kwamba binadamu ni wale wale, bosi na karani, wote soli zao huliwa upande. Lakini ukimtajia mdogo wake wa kike, yule anayeitwa Kamanda, huweka nyundo chini kwanza ndipo azungumze.

Jina hilo alimpa yeye mwenyewe. Mama yao alikuwa akimwacha binti kibandani kwa kaka yake ili aende kufua nguo za watu, na yule mtoto wa miaka mitano alivipanga viatu vya wateja jozi kwa jozi, akapita mbele yake mikono nyuma, akakikemea kimoja kilicholegeza ulimi. Mabuti ya askari aliyaweka mstari wa mbele. Watu walidhani akikua utani ule utamtoka. Wapi! Kila mwanajeshi aliyeleta buti kushonwa alihojiwa mpaka akatamani angekuja na ndara.

Alipokuwa na miaka kumi na minne alianguka darasani. Alipozinduka alikuta madawati yamesogezwa mbali naye, wala si kwa kumpa hewa. Mnayajua maneno ya watu, eti povu linaambukiza. Ujinga mtupu! Nesi wa zahanati alimweleza mama yao waziwazi kwamba ni kifafa, hakimpati mtu kwa kuguswa, na mtoto ameze vidonge asubuhi na jioni bila kuruka hata siku moja. Mama alivishukuru vidonge, ila neno lile hakulivusha kizingiti. Nyumbani ilikuwa "kuanguka" basi. "Leo kaanguka?" "Hajaanguka, mama." Neno ambalo wengine hulitumia kwa kikombe kilichotoka mezani au kwa mtu aliyefeli mtihani, kwao likawa ndilo jina la ugonjwa.

Fundi naye alimficha. Mteja akiuliza mbona binti haonekani leo, jibu lilikuwa malaria. "Kaka," Kamanda alimwambia siku moja huku akivuta uzi wa nta, "kwa hesabu zako, mbu wote wa mji huu wananila mimi peke yangu." Alicheka mwenyewe. Fundi hakucheka. Alikuwa akimwachia sindano na uzi tu, kisu cha kukatia soli hakuthubutu kumpa.

Kamanda alikuwa akihesabu. Alianguka mara kumi na moja, na ya mwisho ilikuwa kabla hajabadilishiwa dawa. Tangu hapo miaka miwili ilipita salama. Kila alfajiri alikimbia mpaka kwenye tangi la maji na kurudi, na alipotimiza miaka ishirini, jeshi likatangaza usaili.

"Watakukataa," Fundi alisema.

"Miaka miwili sijaanguka, kaka."

"Basi funga mdomo. Askari hajibu asichoulizwa."

"Na nikiulizwa?"

"Hawaulizi mambo hayo pale mezani," alijibu Fundi, utadhani fomu aliiandika yeye. "Ukishaingia umeingia."

Kamanda alifikiri kidogo. "Haya. Nisichoulizwa sitasema."

Siku ya usaili Fundi alifunga kibanda, jambo ambalo hakulifanya hata alipooa. Akajibana kwenye uzio wa waya wa uwanja, katikati ya wazazi, ubavuni mwa mama mmoja aliyebeba mwavuli. Vijana walikuwa kama mia tatu. Filimbi ikalia, mizunguko kumi ya uwanja, jua limeshakolea.

Fundi alijua mdogo wake anakimbia. Hakujua anakimbia hivyo. Mzunguko wa nne wavulana wenye vifua walikuwa wamefungua midomo. Wa saba wakaanza kushika mbavu. Kamanda alipita mbele ya uzio uso umetulia, mikono karibu na mwili, miguu ikigusa ardhi na kuiacha, na Fundi, aliyekuwa ameutazama uso ule ukiwa umelala sakafuni si mara moja, aliushika waya wa uzio kwa mikono miwili. Huyu ni nani? Huyu ndiye niliyemnyima kisu? Msichana alimaliza wa tatu kati ya wote, wa kwanza kati ya wanawake.

"Yule ni wangu!" alipiga kelele. "Mdogo wangu, tumbo moja!"

"Hongera, baba," alisema yule mama wa mwavuli. "Umelea."

Waliofaulu mbio walipangwa foleni mbele ya meza, hatua chache tu kutoka kwenye uzio. Mezani alikaa sajini mnene mwenye sauti ya kengele, na mbele yake fomu, rula na muhuri. Kazi yake pale ilikuwa ndogo: jina, umri, na kama mtu aliwahi kushindwa usaili wa nyuma. Zamu ya Kamanda ilipofika, sajini alimtazama kwa furaha.

"Wewe ndiye umeme wa leo! Haya, binti. Umewahi kuanguka?"

Fundi aliona bega la mdogo wake likishtuka. Neno lilikuwa lile lile la mama, la jikoni, la kila siku. Akafumba macho.

"Ndiyo, afande," Kamanda alisema. "Mara kumi na moja."

Sajini aliangusha kalamu. "Mara kumi na moja! Binti, ulianza kuja usaili ukiwa unanyonya?"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Jitu la kijana lililosimama nyuma yake, mabega kama mlango, lilicheka kuliko wote. Sajini alifuta machozi. "Huyu hakati tamaa! Watu kama hawa ndio tunaowataka." Akaupuliza muhuri, akauinua.

Hapo Fundi alielewa kilichotokea. Walikuwa wamepishana kwa neno moja. Mdogo wake hakuwa amedanganya, na siri ilikuwa salama. Ilimtosha acheke na wenzake. Cheka, alimwomba kimoyomoyo, cheka mdogo wangu, nakuomba.

Kamanda aliweka kiganja chake juu ya fomu. Muhuri ukabaki hewani.

"Afande, hatujaelewana. Sikuanguka usaili. Mimi nina kifafa."

  Fundi hakuwahi kulisikia neno lile likitoka kinywani mwa mtu wa nyumba yao. Yule mama wa mwavuli alimtazama, akasogea pembeni hatua mbili.

Sajini aliongea kwa sauti ya chini. "Ningekuandika, binti. Kwa nini umesema?"

"Umeniuliza, afande. Na siku nitakayoanguka nikiwa na bunduki, kuna mwenzangu atakuwa mbele ya mtutu."

 Sajini akachukua rula, akaiweka chini ya jina la binti, akalikata kwa mstari mmoja ulionyooka. "Sheria ni sheria," alisema, na sauti ya kengele ilikuwa imekwenda zake. Kamanda alipiga mguu chini, akageuka, akatembea kuelekea langoni. Watu wakampisha. Wengine ni kwa hofu na wengine ni kwa heshima, Fundi hakuweza kuwatenganisha. Alikimbia kumlaki. Akamshika mkono mbele ya wote.

Nyuma yao sajini aligonga meza. "Nauliza upya! Kuanguka usaili ni kimoja, kuanguka kifafa ni kingine. Nijibuni vyote viwili."

Zamu ilikuwa ya lile jitu la kijana. Alitazama muhuri, akatazama langoni.

"Usaili, mara moja," alisema, sauti ikafika mpaka langoni. "Na kifafa, afande. Tangu utotoni."

Fundi alianza kumvuta mdogo wake watoke. Kamanda hakusogea.

"Ngoja kidogo, kaka," alisema. "Tutatoka watatu."