Sentensi Isiyokuwemo Kitabuni

Jumanne moja ya Machi 1977, saa tisa alasiri, marehemu mume wangu, aliyekuwa polisi hapa Kampala, alirudi nyumbani na kuniuliza ilipo riwaya yake. Nilimjibu kwamba nimempa jirani yetu, mke wa sajini, atusomee wanawake wa kambi ya polisi kama kila Jumanne. Mimi wakati huo sikujua kusoma. Ndipo mume wangu aliponieleza. Ndani ya kitabu alikuwa ameficha barua ya kaka yake wa Nairobi, iliyompangia atoroke Ijumaa. Na kazi ya sajini yule ilikuwa kukamata watu.

Nilikwenda mbio. Wanawake walikuwa wakipepeta wimbi huku wakisikiliza kisa cha bibi arusi wa riwaya ile. Barua ilikuwa wazi juu ya ukurasa. Jirani aliniona, akanyamaza.

“Soma, mama! Bibi arusi amegundua siri?” mmoja alimhimiza.

“Amegundua,” alisema, akaendelea kwa sauti ya kusoma: “Akamwambia mumewe, ‘Ondoka leo. Usingoje Ijumaa, jina lako limeshaandikwa.’”

“Mjinga huyo,” mwingine alicheka. “Wangu ningewaachia wamchukue!”

Jirani alinirudishia kitabu, barua ikiwa ndani. Jumatano mume wangu alikuwa Nairobi. Alikufa mzee, kitandani mwake.

Nilianza kisomo cha watu wazima Februari 1981. Riwaya ile ndiyo niliyoimaliza kwanza, nikairudia ukurasa kwa ukurasa. Bibi arusi hamwambii mumewe maneno hayo popote.