Majiko ya Ini la Ojara

Mnanisumbua. Kila anayekuja hapa Kyebando, Kampala, anataka habari ya Ojara, na mimi jirani yake kalamu inanichosha vidole. Haya, naandika mara moja, halafu mniache.

Ojara alikuwa mtu wa Kitgum, kaskazini kwa Waacholi, mtu wa kupenda usafi. Karakana ya malori ya jeshi, kule njia ya Luzira, ilimpa kazi ya kusafisha vyuma vya injini. Anavitumbukiza kwenye pipa la dawa, mikono mpaka kiwiko, vinatoka vinang'aa kama sahani za harusi. Dawa yenyewe ilinukia utamu, kama tunda lililoiva kupita kiasi.

Ikaja miaka ile sabuni ilipopotea Kampala nzima. Wanawake walifulia majivu ya maganda ya ndizi. Ojara akaona, mbona dawa ya kutoa mafuta ipo? Akawa anarudi nayo kidogo ndani ya chupa ya chai, anafulia nguo zake na za majirani. Lakini mali ya jeshi ikikutwa kwako, wewe si mwizi tena, wewe ni adui wa serikali, na gari la askari litakuja kukuchukua. Kwa hiyo alifulia ndani, mlango umefungwa, dirisha limezibwa kwa gunia. Shati zikakaukia kwenye kamba juu ya kitanda. Akidi, mkewe, kichwa kikimuuma, alikwenda kulala jikoni na Otim na watoto wengine. Ojara alibaki na shati zake.

Kwanza akakataa chakula. Kisha macho yakawa manjano, mkojo kama chai ya rangi.

"Baba Otim, waragi imekupaka rangi," majirani wakamcheka.

"Siku nikilewa nitawaalika," akajibu. Mtu yule waragi aliionja sikukuu tu.

Akidi akamwita Julienne, Mkongo wa chumba cha pili, aliyekuwa muuguzi kwao Bukavu. Julienne hakutazama macho kwanza. Alisimama mlangoni, akanusa.

"Mama Otim, hii harufu ni ya nini?"

"Ya sabuni," Ojara akasema toka kitandani.

"Sabuni gani, baba? Tangu lini Kampala ina sabuni?"

Ojara akamkazia mkewe macho anyamaze. Akidi akasema yote, hata chupa ya chai.

Julienne akakaa chini. "Sikia, baba. Ini lako limejengwa kwa vyumba vidogo sana, jicho haliwezi kuviona. Kila chumba kina majiko yake, ndiyo yanapika nguvu. Ini linajaribu kuivunja hii dawa, na vipande vyake ni vikali kuliko yenyewe. Vinatoboa majiko. Majiko yakizimika, chumba kinajaa mafuta, kinakufa. Vilivyobaki vinaweza kuzaa vingine, ukiviacha vipumzike. Usiiguse tena, usiinuse."

"Na kazi?"

"Mimi nimesema ini, baba."

Kamba ikakatwa, gunia likatolewa. Karakana, ikidhani ni homa, ikampa ruhusa ya kulala nyumbani, na macho yakaanza kurudi meupe. Akidi alichemsha mboga huku anaimba, tulimsikia.

Ruhusa ilipokwisha, Ojara alimwomba sajini wa karakana amhamishe, hata kufagia uwanja. Dawa inamla ini, alisema.

"Nani amekwambia hivyo?" sajini akauliza.

Hapo ndipo alipokwama. Akimtaja Julienne, mkimbizi asiye na karatasi, gari litasimama mlangoni kwake.

"Hakuna mtu, afande. Nilitania tu."

"Basi rudi kwenye pipa."

Akarudi. Kuacha kazi ya jeshi kuliitwa kutoroka, na waliotoroka hatukuwaona tena. Asubuhi Akidi alimfunga mifuko ya nailoni mikononi na leso puani. Jioni mifuko imetoboka. Tumbo likavimba. Mwisho akili ikampotea, akawa anamwita Akidi kwa jina la mama yake aliyemzaa, na Akidi anaitika.

Alipokufa, katika malori yote aliyoyasafishia injini, hata moja halikutolewa kumpeleka Kitgum. Mwacholi kuzikwa mbali na boma la baba yake, mnajua maana yake? Roho inabaki njiani. Tulimzika hapa, kwenye udongo wa watu.

Sasa wewe uliyeitaka habari hii, unaye mume au mwana anayeshika dawa kazini? Usiniambie pole, pole yako sina pa kuiweka. Nenda mpaka chumba anachofanyia kazi, uvute pumzi wewe mwenyewe. Kisha uje hapa unieleze umemtoaje.