Udongo Uliomkataa Evanthia

Huku kwetu milimani Epiro, hakuna aliyemshinda Stamatia kwa kutengeneza jibini, wala kwa maneno. Mbuzi wake mkorofi alimpa jina la mkuu wa kijiji, apate kumtukana hadharani. Lakini ulimi hauna mfupa. Siku binti yake wa pekee, Evanthia, alipokuja kujiunga nasi utawani, Stamatia alimfuata hadi langoni akapiga kelele, "Ukivuka hapo, udongo usikukubali!"

Evanthia alivuka. Mama yake hakutia tena mguu kwetu mpaka ugonjwa wa kifua ulipomuua yule binti, naye akaja kuzika.

Kwetu mtawa hakai kaburini daima. Baada ya miaka mitatu tunamfukua, tunaosha mifupa yake kwa divai na kuiteremsha pangoni chini ya kanisa. Fuvu hukaa rafuni pamoja na mafuvu ya waliotangulia, na mifupa mingine huchanganywa na yao. Kazi hiyo ni yangu. Tulipofungua kaburi la Evanthia, mwili ulikuwa haujaoza, na kwetu hiyo ni dalili kwamba udongo umemkataa mtu. Tukasali, tukamzika upya kando ya pale. Stamatia hakulia. Alijipiga mdomo kwa kiganja, akajipiga tena, mpaka nikamshika mkono.

Tangu hapo alipanda mlima kila Jumamosi na bakuli la ngano ya kuchemsha, sadaka ya wafu, akapiga magoti kaburini akiomba radhi.

Ndipo akaja Anthoula, mtafiti wa mambo ya kale, kuichunguza mifupa ya zamani ya pango letu.

"We binti," Stamatia alimchokoza, "unawasumbua wafu wa watu, kwani kwenu hakuna?"

"Wapo, mama. Ila hawana mdomo kama wako."

Stamatia alicheka, nami nilikuwa nimesahau kicheko chake. Kisha akamweleza habari za mwanawe. Anthoula akamwambia kwamba udongo wa pale ni mfinyanzi, unashika maji, na mwili huchelewa kuoza.

"Udongo ni udongo, mwanangu. Lakini lile neno nililisema mimi."

Anthoula alimshusha pangoni akamwonyesha mfupa wa paja wa mtawa wa karne nyingi nyuma. Katika ufa wake mlikuwa na udongo wa aina mbili, mwekundu na mweusi.

"Huyu naye alizikwa mara mbili, mama. Na ona, yuko na wenzake."

Stamatia aliugusa kwa ncha ya kidole. "Sijui mama yake alimwambia nini," alinong'ona.

Miaka mitatu mingine ilipotimia, nilichimba tena. Karibu na mwili niliacha jembe, nikatumia vidole. Mfupa wa paji la uso ukatokea, safi, wa manjano kama nta. Nimeifanya kazi hii tangu ujana wangu, na bado nilipiga magoti. Utukufu ulioje! Anthoula alivua kofia, akatushikia beseni.

Stamatia aliosha mfupa mmoja mmoja kwa divai ya shamba lake, polepole, kama anayeogesha kichanga. Nilipofungua mlango wa pango, alisimama kizingitini na fuvu mikononi, asisogee. Nikaogopa kwamba atarudi nalo nyumbani. Akaliinamia, akalibusu.

"Ingia, mwanangu," alisema. "Ingia. Mama amekuruhusu."