Mwani wa Maji ya Kina

Huku Jang'ombe kaskazi ni kero tu. Vumbi linaingia mpaka chunguni, midomo inapasuka, mtu unajilaza barazani kama mgonjwa. Mimi nilisoma chuoni, Kurani, skuli nilionja tu, kwa hiyo sijui kwa nini upepo huu miaka hii umezidi ukali. Nnajua ulivyomfanya mdogo wangu, mwanamke, tumbo moja na mimi.

Alikuwa mjane, akilima mwani Jambiani. Wanawake wa kule huchomeka vijiti na kufunga kamba za mwani karibu na pwani, maji ya magotini, maana hawakufunzwa kuogelea. Mimi nilifunzwa na ami yangu kwa kutupwa majini, nikayanywa mpaka leo chumvi sitaki hata kwenye supu. Lakini hayo tuyaache.

Kaskazi ikivuma na bahari ikitoka, maji yanayobaki huchoma mpaka unaondoa mguu. Mwani wake ukawa mweupe, ukanyonyoka kwenye kamba kama nywele za mgonjwa. Msimu baada ya msimu ni hivyo. Nikamfuata, nikamwambia aje akae kwangu.

"Nije Jang'ombe nilime nini, kaka? Mtaro?"

Alikuwa ameshaanza kuhamishia kamba zake ukingoni mwa mkondo, kwenye maji ya kina yenye ubaridi. Nikamuuliza, na kuogelea je?

"Nitasimama. Kwani mimi mfupi?"

Kweli alikuwa mrefu. Marehemu mama akisema huyu labda aozwe mnazi.

Jirani aliyekuwa naye baharini siku ya mwisho ndiye aliyenihadithia. Maji yalianza kujaa, upepo unayasukuma, wenzake wakamwita warudi. Akajibu imebaki kamba moja. Walipogeuka tena waliona mtandio wake tu, unaelea.

Tulimzika siku ile ile. Kanga alizotolewa nazo baharini zilianikwa uani, na tuliporudi makaburini tukazikuta zishakauka, ngumu kwa chumvi.

Baada ya hitima, wanaume wawili waliingia mkondoni wakazitoa zile kamba alizotangulia kuzifunga. Mwani ulikuwa umeshika, mnene, haukuwa na hata ncha nyeupe. Wakauleta nyumbani kwake, wakautandaza juu ya makuti. Kaskazi ikaukausha vizuri sana. Nilishinda pale nikiupindua, maana mwani ukianikwa lazima upinduliwe, na mwenyewe hayupo.