Saa za Mama Silabi

Mimi nafundisha cherehani, chumba cha pili. Kati yetu na wao hakuna ukuta wa maana, ni mbao tu zilizopigwa misumari hadi kimo cha kichwa, kwa hiyo sijui nimefundishwa kusoma mara ngapi katika kituo kile cha watu wazima, na hali kusoma nilikuwa najua. Sauti yake ilivuka mbao kila siku: ba, be, bi, bo, bu. Wanafunzi ndio waliompa jina la Mama Silabi. Ofisini walimwita kwa namba.

Sisi walimu wa watu wazima hatulipwi kwa mwezi, tunalipwa kwa saa. Hilo tulilijua. Tusilolijua ni kwamba saa hizo hizo zinatungoja uzeeni. Mwaka ambao hukufikisha saa zinazotakiwa, kwenye pensheni hauhesabiwi kabisa, kama vile ulikaa nyumbani ukipepewa. Mama Silabi alianza kufundisha binti yake hajazaliwa, na sasa binti ana watoto wake. Lakini kuna miaka alipewa darasa moja tu, na kuna mwaka paa lilibomoka, kituo kikafungwa. Walipompigia hesabu wakampa miaka kumi na minne. Sheria inataka kumi na mitano, naye mwisho wa mwaka ule alikuwa anastaafu, apende asipende.

Akiutimiza mwaka ule, angepata pensheni kila mwezi na bima ya matibabu, yake na ya mumewe. Asipoutimiza, angerudishiwa vijisenti alivyokatwa, mara moja, basi, kwaheri. Na mumewe ndiye aliyekuwa roho ya jambo lenyewe. Alikuwa mwashi. Alianguka kutoka ghorofani, uti wa mgongo ukavunjika, na tangu hapo dunia yake ni kitanda kimoja na dirisha. Dawa zake zilimeza kila senti. Hata hivyo mdomo haukuvunjika. "Hicho kiinua mgongo chenu kikija," aliniambia siku moja, "nipeni mimi kwanza. Ninyi migongo yenu imenyooka."

Mama Silabi alikuwa na madarasa mawili, na saa za mwaka zingetimia kwa yote mawili tu. La asubuhi halikuwa na neno. Tatizo lilikuwa la jioni, maana la jioni lilishajua kusoma. Darasa likifaulu linafungwa, na kufungua jingine lazima uandikishe watu kumi wapya. Akazunguka mtaa mzima baada ya kazi, gereji, sokoni, kwenye foleni za maji, akiuliza watu wazima kama wanajua kusoma. Wengine walimtukana. Aliambulia wawili, na mmoja alidhani kunagawiwa mikopo. Na mkaguzi, anayepima wanafunzi na kupitisha saa zetu, alikuwa karibu kuja.

Jioni moja akaja akakaa kwenye kiti changu, mbele ya mashine, akalia.

"Shoga, nimefika mwisho. Nitawaambia wajifanye hawajui."

Nikacheka. Kisha nikamwangalia usoni, kicheko kikaniishia.

"Utawaambia sababu?"

"Niwaambie nini? Kwamba mwalimu wao anataka wabaki gizani ili yeye apate kula? Bora nife."

Basi akawaambia nusu tu: mkaguzi akiona mnajua, darasa litafungwa. Hao hawakuhitaji kubembelezwa. Wengi wao, chumba kile ndicho mahali pekee duniani walipowahi kuambiwa hongera. Wakaanza mazoezi ya kutojua. Fundi Viatu alikuwa na kipaji, ukimwonyesha herufi anaitazama kama mtu aliyeonyeshwa chura. Aliyeshindwa ni Bibi Mkaa, mama mmoja mzee muuza mkaa, vidole vyeusi hadi kwenye kucha. Akiona maandishi tu macho yanatembea yenyewe na midomo inafuata. Mama Silabi akamwambia siku ya ukaguzi atazame dari.

Mkaguzi akaja. Ningependa kusema alikuwa mtu mbaya, ningepata pa kumalizia hasira zangu, lakini alikuwa kijana mpole, amesalimia kila mtu kwa heshima yake. Nikasimamisha cherehani nisikilize.

"Baba, hii ni herufi gani?"

"Hiyo?" Fundi Viatu akafikiri kweli kweli. "Kama jembe hivi."

Darasa likakohoa kuficha kicheko. Akamwuliza mwingine, na mwingine, na wote wakawa vipofu. Halafu nikamsikia mkaguzi akifunua karatasi, na mlio ule sikuupenda. Nikatoka nikasimama mlangoni kwao.

"Mwalimu," mkaguzi alikuwa anasema, "umesaini saa zote hizi, na hakuna anayejua hata irabu. Nisamehe. Siwezi kuzipitisha. Hata zile ulizokwisha kufundisha."

Akainama kuandika. Mama Silabi alikuwa ameshika chaki, nikaona inakatika mkononi mwake. Akisema wanajua, darasa linafungwa. Akinyamaza, mwaka mzima unafutwa. Mfa maji haachi kutapatapa, wasema, lakini yeye hata pa kutapatapia hakuwa napo.

Bibi Mkaa alikuwa benchi la mbele, karibu kabisa na karatasi ya mkaguzi, macho darini kama alivyoagizwa. Nikayaona yakishuka.

"Mwa-li-mu," akasoma, kidole hewani, "ha-fu-ndi-shi."

Mkaguzi akainua kichwa.

"Mwalimu hafundishi!" Bibi Mkaa akapiga meza, kiganja kikaacha alama nyeusi. "Kama hafundishi, hayo nimeyasomaje mimi? Nimezeeka sijui jina langu linaanzia wapi, huyu ndiye aliyenionyesha. Futa hapo, mwanangu! Futa!"

Hapo likaanza. Fundi Viatu akasimama akasoma ubao wote. Mwingine akasoma kalenda, mwingine akasoma maneno yaliyo kwenye ndoo ya kuzimia moto, kwa sauti ya kuhutubia. Mkaguzi akaichana ile karatasi, anacheka, machozi yanamlengalenga. Akasema hajawahi kuona darasa kama lile. Wote wamefaulu, vyeti watapata.

"Na darasa?" Mama Silabi akauliza, taratibu.

"Limemaliza kazi yake, mwalimu. Tunalifunga leo. Hongera sana."

Bibi Mkaa akamgeukia, kifua mbele. "Lifungwe tu. Lakini jina lako halichafuliwi mbele yangu."

Vigelegele vikapigwa. Mama Silabi naye akapiga makofi, kwa nguvu kuliko wote, vumbi la chaki likiruka viganjani. Nilirudi chumbani kwangu nikakanyaga pedali bila kitambaa.

Miezi iliyobaki alitafuta saa kama mtu atafutaye mtoto aliyepotea. Nilitaka kumwachia vipindi vyangu viwili, ofisi ikakataa, hana cheti cha ushonaji. Aliomba afagie kituo ahesabiwe. Wakamwambia kufagia si kufundisha.

Mwaka mpya ulipoanza, barua yake ya pensheni ilipitia kituoni, nikampelekea nyumbani. Nikamkuta ana mgeni. Bibi Mkaa alikuwa ameleta gunia la mkaa, zawadi, na cheti chake amwonyeshe mgonjwa. Mama Silabi akaipokea bahasha akaikalia, hakuifungua.

"Lete nikusomee, mwalimu," Bibi Mkaa akasema. "Yako macho yamechoka. Yangu bado mapya."

Angeweza kukataa. Mpaka leo sijui kwa nini alimpa.

"Tu-na-si-ki-ti-ka," Bibi Mkaa akaanza kwa furaha, kidole kikisafiri chini ya maneno, "ku-ku-a-ri-fu." Alisoma polepole, kwa hiyo maana ilichelewa kumfikia. Kwamba saa za mwaka uliopita hazikutosha. Kwamba sababu ni kufungwa kwa da-ra-sa la ji-o-ni. Kidole kikasimama. Akamtazama mgonjwa kitandani, akanitazama mimi, nami nikatazama sakafu.

"Mwalimu," akasema, "darasa la jioni si ndilo letu?"

Mama Silabi alivuta kigoda akakaa ubavuni mwake, kama alivyokaa ubavuni mwa kila mmoja wao, akaweka kidole chake chini ya neno lililofuata.

"Usiishie katikati, mama. Soma mpaka kwenye nukta."

Mumewe akageuza uso dirishani. Bibi Mkaa akajifuta macho kwa kiganja, mkaa ukamchafua uso, akasoma kwamba hakutakuwa na pensheni, wala bima, kwake wala kwa mwenzi wake. Alipotatizwa na neno, mwalimu alimsaidia.